Maji ya Lamu yamo mchangani: Hatima ya vilima vya Shela

Kisiwa cha Amu hakina mto, hakina ziwa, wala hakina mlima wa kuyaita mawingu. Hata hivyo, watu wamekaa humo kwa zaidi ya miaka 700, wakajenga mji wa mawe, wakachimba visima na kujaza mabirika ya misikiti. Siri ya uhai huo iko nje ya mji, mwendo wa kilomita tatu hivi kuelekea kusini, katika vilima vya mchanga mweupe vilivyo nyuma ya kijiji cha Shela.

Kwa mgeni anayeshuka pwani ya Shela, vilima hivyo ni mandhari ya kupendeza mbele ya ufuo wenye urefu wa takriban kilomita 12. Kwa mwenye mtaji, ni viwanja vinavyotazama bahari. Kwa Mwamu, ni kisima cha kisiwa kizima. Mitazamo hiyo mitatu imekuwa ikigongana kwa miaka mingi, na mara nyingi mzozo umejadiliwa kama ugomvi wa kawaida wa ardhi: nani ana hati, nani hana, na nani alitangulia.

Mjadala wa namna hiyo huliacha nje jambo la msingi. Visima vinavyokinywesha kisiwa havitengenezi maji. Maji hutoka katika mvua, na mvua huingia ardhini kupitia uso wa vilima. Kila sehemu ya uso huo inayozibwa, kukanyagwa ikashindiliwa, au kuchafuliwa, hupunguza kiasi kinachofika chini. Kwa hiyo suala la maji ya Lamu, tangu mwanzo hadi mwisho, ni suala la matumizi ya ardhi.

Safari ya tone

Lamu hupata wastani wa mvua wa kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, wakati upepo wa kusi unapovuma, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Vuli ya Oktoba na Novemba huleta kiasi kidogo. Baadaye hufuata kaskazi, yenye jua kali na miezi ya Januari na Februari ambayo hupita karibu bila tone.

Kiasi hicho si haba, lakini jumla ya mvua haielezi kila kitu. Linaloamua hali ya visima ni sehemu ya mvua inayoponea kwenye jua, mizizi na mteremko, ikazama mpaka kwenye hazina iliyo chini. Katika udongo mzito wa mfinyanzi maji husimama madimbwini na kugeuka mvuke, au hukimbilia baharini kupitia mikondo ya mikoko. Katika barabara iliyosakafiwa huishia mferejini.

Mchanga wa vilima una tabia tofauti. Chembe zake ni safi na zimeachana nafasi, hivyo mvua hata ikiwa kubwa haitiririki juu. Huzama papo hapo. Mvua inapokoma, tabaka la juu hukauka upesi, na ukavu huo huwa kama kifuniko: huzuia unyevu ulio chini usipande tena kulifuata jua. Mimea ya vilima ni michache na haina kiu kubwa. Kwa sababu hizo, kilima ambacho kwa macho kinaonekana jangwa ndicho mahali panapopokea maji kuliko shamba la kijani lililo karibu nacho.

Manyunyu ya dakika kumi, hata yakirudiwa kila siku, hulowesha vidole vichache vya mchanga na kupotea kabla ya adhuhuri. Kinachojaza hazina ni mvua kubwa zinazofuatana, moja ikiisukuma nyingine kwenda chini. Ndiyo maana miaka miwili inaweza kuwa na jumla ya mvua iliyo sawa, na bado visima vikawa na hali tofauti.

Maji matamu juu ya chumvi

Maji hayo yakishafika chini hayakuti mwamba wa kuyashika kama chungu. Yanakuta maji ya bahari, ambayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Yale matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi.

Kanuni ya hali hii ilielezwa kwa hesabu, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na wahandisi wawili wa Ulaya waliofanya kazi mbalimbali: Badon Ghijben wa Uholanzi, na Herzberg wa Ujerumani, aliyechunguza visima vya kisiwa cha mchanga cha Norderney. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa takriban sehemu moja katika 40. Kwa hiyo, pale ambapo maji matamu yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, kina chake chini ya usawa huo huweza kukaribia mita 40.

Mabaharia wa Lamu hawana haja ya hesabu hiyo ili kuielewa. Jahazi lililopakia huonyesha sehemu ndogo juu ya maji, na shehena kubwa imo chini. Maji matamu ya Shela yanaelea hivyo hivyo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kanuni inayotoa mita 40 kwa mita moja hudai kwa kiwango kile kile. Uso wa maji kisimani ukishuka kwa sentimita 10 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi huelekea kupanda kwa takriban mita 4. Na chumvi haihitaji kuwa nyingi: maji matamu yakichanganyika na asilimia mbili hivi tu ya maji ya bahari, ladha huanza kuharibika, na mchanganyiko ukizidi hapo chai hainyweki.

Wazee waliochota kwa ndoo na kamba walilindwa na uchovu wa mikono. Kisima kilipumzika usiku, na maji yakarudi mahali pake. Pampu haichoki. Ikiwekwa mahali pamoja na kuvuta kwa nguvu, huinua chumvi iliyo chini yake kama mtu anayenyonya kwa mrija. Ndiyo sababu kisiwa cha aina hii huhitaji visima vingi vifupi vilivyotawanywa, kila kimoja kikitoa kidogo, kuliko kisima kimoja kirefu. Ndiyo sababu pia kila mwenye nyumba kuchimba kisima chake na kufunga pampu yake, bila kipimo, ni hatari kwa jirani zake wote.

Funzo la Takwa

Visiwa vya Lamu vina ushahidi wa kutosha wa yale yanayotokea maji yanapokosekana. Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne za 15 hadi 17 na kisha ukahamwa. Miongoni mwa sababu ambazo watafiti wamezitaja ni kuharibika kwa maji yake kwa chumvi, pamoja na uhasama na Pate. Kwa mujibu wa mapokeo, wakazi wake walivuka na kuja kukaa Shela, karibu na vilima. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kwa ziara kwenye kaburi la nguzo, kuomba dua ya mvua.

Katika kisiwa cha Pate, ambako visima vingi vina maji ya chumvichumvi, watu walitafuta njia nyingine. Walijenga majabia: sakafu pana za kukinga mvua, zinazoelekeza maji katika tangi kubwa lililochimbwa ardhini. Jabia ni jibu la busara, lakini lina mpaka. Huhifadhi mvua ya msimu mmoja. Msimu ukikosa, linakauka, na maji huanza kusafirishwa kwa mashua. Hazina ya mchangani ina subira zaidi, kwa kuwa hubeba akiba ya miaka kadhaa.

Mji wa Amu wenyewe ulijengwa kwa kuheshimu ukweli huo. Nyumba za mawe zilikuwa na birika katika chumba cha kuogea, na katika baadhi ya mabirika samaki wadogo walifugwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yaliteka adabu yake: yalichotwa kwa kata, yakatumika kwa kiasi, na yaliyotumika yakaelekezwa mbali na kisima.

Hesabu ya hekta moja

Wapo wanaouliza kwa haki: nyumba chache kwenye vilima vikubwa namna hiyo zitadhuru nini? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hekta moja ya kilima, ikipokea milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita milioni 9. Tuseme, kwa mfano tu, robo yake ndiyo inayofika kwenye hazina. Hiyo ni zaidi ya lita milioni 2 kwa mwaka, sawa na lita 6,000 hivi kwa siku, yaani mitungi 300 ya lita 20 kila siku ya mwaka.

Si yote yanayoweza kuchotwa. Sehemu lazima iachwe itiririke polepole kuelekea baharini, kwa maana mtiririko huo ndio unaoisukuma chumvi nyuma. Hata nusu ikiachwa, mitungi 150 inayobaki inatosha watu 60 kwa kiwango cha lita 50 kila mmoja. Kwa makadirio hayo, kila hekta inayoondolewa katika kazi ya kupokea mvua ni maji ya watu wengi kuliko watakaolala katika nyumba itakayojengwa juu yake.

Mwenye nyumba anaweza kujibu kwamba mvua inayoanguka juu ya paa lake haipotei, kwani inaweza kukingwa. Ni kweli, na paa la saruji lenye tangi zuri ni msaada mkubwa. Lakini nyumba haiji peke yake. Huja na ua uliosakafiwa, bustani inayonyweshwa miezi ya kaskazi, bwawa la kuogelea, na paa la makuti ambalo maji yake hutoka na rangi na takataka. Zaidi ya yote, huja na shimo la choo.

Wepesi wa mchanga kupokea mvua ni huo huo katika kupokea uchafu. Vijidudu huweza kuchujwa ikiwa mchanga ni mwingi na masafa ni marefu, lakini chumvi za naitreti zitokazo vyooni huyeyuka na kusafiri na maji. Tabaka la chini halina mlango wa kuingilia na kusafisha. Vivyo hivyo uchotaji wa mchanga kwa ujenzi: unapopunguza kimo cha kilima, unapunguza chujio na kuusogeza uso wa maji karibu na jua.

Ardhi ya nani?

Kisheria, jibu si la kubahatisha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inayataja maeneo ya vyanzo vya maji miongoni mwa ardhi za umma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji uwezo wa kutenga maeneo ya kulinda vyanzo na maeneo ya kuhifadhi maji ya chini ya ardhi.

Shirika la UNESCO nalo, lililouweka mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, limelitaja jambo hili bayana. Eneo la urithi lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi. Lakini maelezo rasmi ya thamani yake yanakiri kwamba ujenzi haramu katika vilima vya Shela ni tishio kwa mji, kwa sababu ya mandhari na kwa sababu uhai wa mji unategemea maji ya vilima hivyo.

Tatizo basi halitokani na upungufu wa sheria. Linatokana na wingi wa walinzi. Tume ya Taifa ya Ardhi inasimamia ardhi ya umma. Makavazi ya Kitaifa yanasimamia turathi. Mamlaka ya NEMA inatoa au kunyima vibali vya mazingira. Mamlaka ya maji inatoa vibali vya visima. Serikali ya kaunti inapanga ujenzi na kusimamia huduma ya maji, huku kampuni ya maji ya Lamu ikiyavuta na kuyagawa. Kila mmoja anashika kipande; mchimba msingi anahitaji kupata mwanya mmoja tu kati yao.

Ni lazima pia kukubali kwamba si kila anayetaka ardhi ya Shela ni tajiri kutoka mbali. Utalii na ujenzi vimewapa kazi mafundi, mabaharia na wapishi wa kisiwa, na familia zinazoongezeka zinahitaji mahali pa kukaa. Sera inayowafungia wenyeji vilima bila kuwaonyesha mahali pengine pa kujenga haitadumu. Kinyume chake, sera inayomzuia mwenyeji na kumwachia mwenye pesa itavunja imani ya watu katika sheria yenyewe.

Njia nyingine zina gharama

Mara kwa mara husikika hoja kwamba teknolojia itauondoa utegemezi huu. Mombasa hutolewa mfano, kwa kuwa tangu miaka ya 1950 imekuwa ikipokea maji kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani. Mfano huo unafundisha kinyume cha inavyodhaniwa. Maji ya Mzima ni mvua iliyoangukia vilima vya Chyulu, ikapenya katika miamba ya volkano na kuibukia chini. Mombasa imehamisha utegemezi wake kutoka ardhi moja hadi nyingine. Haikuacha kutegemea mvua ya mahali fulani na uso wa ardhi unaoipokea.

Kuyasafisha maji ya bahari kunawezekana. Huko Kiunga, katika bara ya kaskazini mwa visiwa, shirika la GivePower lilizindua mtambo unaotumia nguvu za jua mwaka wa 2018. Mitambo kama hiyo ni faraja pale ambapo hakuna chaguo jingine. Lakini inahitaji betri, vipuri, mafundi na fedha kila mwezi, na huacha maji mazito ya chumvi yanayotafuta pa kumwagwa. Mchanga wa Shela umefanya kazi hiyo hiyo kwa karne nyingi bila ankara.

Amsterdam ilianza kunywa maji ya vilima vyake vya mchanga mwaka wa 1853. Mji ulipokua, uchotaji ulizidi mvua na chumvi ikaanza kupanda. Kuanzia 1957, Waholanzi walilazimika kuleta maji ya mto Rhine kwa bomba na kuyamwaga katika vilima ili kujaza upya hazina waliyoimaliza. Leo vilima hivyo vinalindwa kwa makini kama hazina ya mji. Uholanzi ilikuwa na mto wa kuazima. Kisiwa cha Amu hakina.

Yanayopaswa kufanywa

Mambo yanayohitajika hayana ugumu wa kitaalamu. La kwanza ni mpaka: ramani moja ya eneo la kupokea maji, iliyopimwa, ikawekewa alama zinazoonekana mchangani, na kutambuliwa na taasisi zote zinazotoa vibali. Hati zilizotolewa ndani ya mpaka huo zichunguzwe hadharani, kwa kipimo kimoja kwa wakubwa na wadogo.

La pili ni kipimo. Kina cha maji na kiwango cha chumvi katika visima vya Shela vipimwe kila mwezi, na matokeo yabandikwe mahali watu wanapoyaona: msikitini, sokoni, gatini. Mji unaojua kwamba chumvi inapanda utakubali mgao wa maji kwa moyo mwepesi kuliko mji unaokatiwa mifereji bila maelezo. Siku za Maulidi, wageni wanapofurika na matumizi kupanda, taarifa kama hiyo ingewasaidia hata waandalizi kupanga.

La tatu ni kupunguza mzigo. Nyumba na hoteli zilizokwisha kujengwa zikinge mvua ya mapaa yake, zitumie vyoo visivyovuja, na visima vya binafsi viwe na kibali na mita. Ujenzi mpya uelekezwe kwenye ardhi isiyopokea maji ya kisiwa.

Hali ya hewa inaongeza haraka ya mambo haya. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kisha El Nino ya 2023 ikaleta mafuriko. Kwa mji wa barabara na saruji, mabadiliko hayo ni balaa mbili. Kwa kilima cha mchanga kilicho wazi, gharika ya mwaka mmoja ni akiba ya miaka ya kiu inayofuata, ila kwa sharti kwamba mvua itakapokuja itakuta mlango haujafungwa.

Makosa mengine ya mipango husahihishika. Ukuta uliojengwa pasipo haki huweza kubomolewa kwa siku moja, na hati iliyotolewa kwa hila hufutwa na mahakama. Kisima kilichoingia chumvi hakisikii amri ya mahakama. Husubiri mvua, msimu baada ya msimu, iisukume bahari irudi mahali pake. Na mvua hiyo nayo inahitaji mchanga wa kupitia.